Pontuni mbili zilizotumika: ya viti vilivyochanika au ya sakafu mpya?

Swali: Tunaishi Brooklyn Park, Minnesota. Sisi ni mume na mke, watoto wanne (mkubwa ana miaka 13, mdogo 4), na kila kiangazi mama mkwe huja kutoka Kenya kukaa nasi. Magoti yanamsumbua. Tunataka boti ya pontuni ya kutoka nayo Jumamosi, au Jumapili baada ya ibada, hasa Medicine Lake na mara chache Minnetonka. Tumeona mbili. Ya kwanza ni ya 2008, futi 20, mitungi miwili ya kuelea, mashine ya nguvu za farasi (HP) 50 ya stroki nne. Trela yake ipo, lakini viti vimepauka na kuchanika. Bei ni dola 11,500. Ya pili ni ya 2012, futi 22, mitungi mitatu, mashine ya HP 115, viti vipya, sakafu mpya, inang'aa kweli. Haina trela, iko kwenye gati la mwenyewe. Bei ni dola 17,500. Hatuwezi kuzidi 18,000. Mume wangu na watoto wanataka ya pili. Mimi moyo wangu unasita na sijui kwa nini. Utushauri. — Mama Neema

Jibu: Mama Neema, nakupa jibu kwanza, sababu zifuate. Kwa haya uliyoniandikia, ningechukua ile ya kwanza, ya viti vilivyochanika. Hata hivyo baba Neema hajakosea kuipenda ya pili. Zingekuwa zote mpya kutoka dukani, ningewaambia mchukue ya mitungi mitatu leo hii. Lakini zimetumika, na katika boti iliyotumika mnanunua vitu vinne: mitungi, mbao za sakafu, mashine na karatasi za umiliki. Viti vinakuja baada ya hapo, tena mbali.

Nimtendee haki baba Neema kabla sijaendelea. Pontuni ni jukwaa lililokaa juu ya mitungi iliyozibwa. Boti za namna hii zina asili hapo hapo Minnesota: mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa Richmond, Ambrose Weeres, aliunga mapipa ya chuma kwa safu mbili na kuweka sakafu ya mbao juu yake. Siku hizi mapipa yamekuwa mitungi mirefu ya alumini, ila hesabu haijabadilika. Watu, viti, petroli na mashine, vyote vinabebwa na hewa iliyofungiwa mle ndani. Ukiongeza mtungi wa tatu katikati, boti inabeba zaidi, hailali upande mmoja watoto wakikimbilia kuona bata, na inapita juu ya mawimbi kwa utulivu. Pia inastahimili mashine kubwa zaidi.

Tofauti hiyo mtaiona Minnetonka. Ni ziwa la zaidi ya ekari 14,000, na Jumamosi mchana limejaa boti nzito za kuvuta watelezaji. Mawimbi yanatoka kila upande. Pontuni ya mitungi miwili ikiwa imejaa watu pale, maji yatarukia omo, yaani mbele ya boti, na safari itachosha. Lakini umesema mtakwenda hasa Medicine Lake, ambalo halifiki hata sehemu ya kumi ya Minnetonka. Kwa ziwa la namna hiyo, mitungi miwili ya futi 20 inawatosha watu saba. Minnetonka nendeni asubuhi mapema, siku ya kazi ikiwezekana, na mkae kwenye ghuba zake zilizojificha upepo.

Sasa tuje kwenye sakafu mpya, maana nadhani ndiyo inayokusumbua moyoni.

Chini ya zulia au vinili ya pontuni nyingi za miaka hiyo kuna plaiwudi ya unene wa robo tatu ya inchi, iliyotiwa dawa isioze. Dawa inachelewesha kuoza, haikomeshi. Maji hupenya kwenye matundu ya bolti: penye miguu ya viti, penye mageti, chini ya usukani, na zaidi kule tezi, yaani nyuma ya boti, karibu na mashine, ambako maji husimama. Baridi ikija, maji hayo yanaganda na kupanuka, yanaachanisha tabaka za mbao. Masika yakifika yanayeyuka na kuingia ndani zaidi. Baada ya miaka kumi ya mchezo huo, plaiwudi isiyofunikwa vizuri wakati wa baridi huwa imeanza kulegea.

Kung'oa sakafu nzima ni kazi kubwa. Viti vyote vitoke, reli za pembeni zitoke, usukani na nyaya zake zitoke, halafu bolti zinazoshika mbao kwenye mihimili zikatwe moja moja. Mtu hafanyi hivyo kwa ajili ya urembo. Kwa hiyo boti ya pili ina moja ya historia mbili. Huenda mwenyewe alikuta mbao zimeoza, akang'oa zote na kuweka mpya. Kama ni hivyo, mmepata boti nzuri kuliko ilivyokuwa, na baba Neema ana haki ya kufurahi. Au huenda alibandua zulia kuukuu, akaona madoa meusi, akajaza mashimo kwa gundi na kulaza vinili mpya juu. Ukisimama juu ya boti, historia hizo mbili zinafanana kabisa.

Ukweli uko chini, na mnaweza kuuona wenyewe. Boti itolewe majini. Mmoja wenu alale chali chini yake akiwa na tochi na bisibisi. Mbao nzima ina rangi moja, na ukiigonga kwa mpini wa bisibisi inalia kavu. Mbao iliyooza ina pete jeusi kuzunguka bolti, inatoa sauti iliyozama, na ncha ya bisibisi inaingia bila kulazimishwa. Tazama bolti na nati zenyewe pia. Sakafu iliyobadilishwa kweli huwa na nati mpya kwa chini. Mkikuta vinili ya juzi juu na nati za zamani zilizoshika uchafu wa miaka chini, hiyo haikubadilishwa, ilifunikwa. Baadhi ya boti zina bati la alumini linaloficha sakafu kwa chini. Likiwepo, mwombe muuzaji afungue kipande kimoja cha kule tezi. Muuzaji aliyefanya kazi safi atafungua kwa furaha, na mara nyingi atakuonyesha picha za kazi ilivyoendelea.

Umwombe na risiti ya mbao, siyo ya vinili peke yake. Nina sababu. Plaiwudi ya kujengea baraza za nje mara nyingi hutiwa dawa yenye shaba nyingi, na shaba ikikutana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Nimeona mihimili ya chini iliyotoboka hivyo, mbao za juu zikiwa bado imara kabisa. Mbao zinabadilishwa, lakini mihimili iliyoliwa ni kilio.

Juu ya sakafu ya boti zote mbili, vueni viatu mtembee polepole mkikandamiza kwa kisigino: penye geti la omo, mbele ya kiti cha dereva, na pembe zote mbili za tezi. Panapobonyea hata kidogo, pawekeni alama kwa chaki.

Mitungi nayo. Kila mtungi umegawanywa ndani kwa kuta, kwa hiyo chumba kimoja kikivuja boti haizami. Ila inabeba mzigo usiouona. Galoni moja ya maji ina uzito wa pauni 8.3, na galoni 30 zikiwa ndani ya mtungi mmoja ni pauni 250 ambazo hazikuhesabiwa, tena zote upande mmoja. Boti ikiwa majini haina mtu, simama gatini nyuma yake utazame mstari wa maji pande zote mbili. Upande mmoja ukikaa chini kuliko mwingine, uliza kwa nini. Boti ikishatolewa, kausha mitungi kwa kitambaa, kisha subirini. Baada ya saa moja pita na tochi kwenye weldi za chini, hasa kwenye pua na pale mtungi unapokalia mbao za trela. Tone linalorudi baada ya kufutwa linatoka ndani.

Mtungi unaoshukiwa hupimwa kwa hewa ya shinikizo dogo sana, pauni 2 au 3 kwa inchi ya mraba, na povu la sabuni juu ya weldi. Msimruhusu mtu kuchomeka kompresa ya gereji bila kipimo. Mtungi unaweza kupasuka.

Hapa ile ya pili ina swali la ziada kwa sababu haina trela. Muulize muuzaji: kiangazi chote ilikuwa imeinuliwa kwenye kifaa cha kuinulia boti, au ilielea tu gatini? Alumini iliyokaa majini miezi mitano kila mwaka, karibu na gati lenye umeme, inaweza kuwa na vishimo vidogo kama vya sindano chini ya mstari wa maji. Mwani mkavu huvificha. Papasa kwa kiganja, maana kiganja kinaona kuliko jicho.

Mashine sitaieleza kirefu, kwa sababu hii ni kazi ya kumlipa fundi. Mlipeni, msione uchungu. Apime mgandamizo wa kila silinda. Namba zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, ajue sababu. Aunganishe kompyuta kwenye mashine ya HP 115 asome saa ilizofanya kazi. Kwenye hiyo ya HP 50 ataweza au hataweza, kutegemea aina yake. Kipimo kimoja fanyeni mbele ya macho yenu: alegeze skrubu ya chini ya sanduku la gia, matone machache yaangukie kidoleni. Oili nzuri ni nyeusi au ya kijani au ya bluu, na inateleza. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na katika baridi ya Minnesota maji hayo huganda na kupasua sanduku lenyewe. Muulizeni kila muuzaji ni lini alibadilisha impela, kile kigurudumu cha mpira ndani ya pampu ya maji ya kupoza mashine. Kwa kawaida ni kila miaka miwili au mitatu. Asiyejua impela ni nini hajaitunza mashine.

Msitarajie makuu kutoka kwa HP 50. Mkiwa saba, itawapa kama maili 15 kwa saa. Inatosha kuzunguka ziwa, kuvua, na kumvuta mtoto mmoja kwenye puto. Haitamwinua mtu mzima kwenye mbao za kuteleza. Ile ya HP 115 ingefanya hivyo bila shida, na najua mtoto wa miaka 13 ndicho anachokitaka. Mwambieni ukweli mapema. Hata puto likivutwa, sheria ya Minnesota inataka awepo mtu wa pili wa kumtazama anayevutwa, au kioo kipana cha nyuma.

Kwenye fedha, tofauti siyo dola 6,000 kama inavyoonekana. Ile ya pili haina trela, na trela ya pontuni ya futi 22 yenye mitungi mitatu, hata iliyotumika, ni dola elfu kadhaa. Bila trela hamwezi kuirudisha nyumbani, wala kuipeleka ziwa jingine, wala kuihifadhi wakati wa baridi bila kumlipa mtu kila safari. Mna dola 500 zitakazobaki. Bima, usajili, jaketi, betri mpya na hifadhi ya baridi havitoshi humo. Mkichukua ya kwanza zinabaki 6,500. Viti vilivyochanika vitumieni kujadili bei, kwa heshima lakini bila aibu, kisha vibadilisheni viwili viwili kila mwaka. Kiti cha mama mkwe kiwe cha kwanza. Mkivitoa tazameni misingi yake: ya plastiki hudumu, ya mbao huenda imeoza. Kabla ya safari yoyote ya barabarani, trela yake ibadilishiwe beringi na matairi kama yana nyufa, hata kama yanaonekana yana meno.

Kwa ajili ya mama, nendeni na kipimo cha futi. Pimeni upana wa geti la pembeni na kimo cha hatua kutoka gatini hadi sakafuni. Geti la pembeni ni bora kwake kuliko la omo, kwa sababu boti inaweza kufungwa sambamba na gati, mbele na nyuma, isitikisike akipanda. Awe na kiti chenye mgongo na mkono wa kushika, chini ya kivuli. Kama turubai la kivuli la boti ya kwanza limechanika, hilo nalo litoke kwenye zile 6,500.

Pontuni nyingi zina kibao karibu na usukani kinachotaja idadi ya watu na uzito. Soma uzito kwanza. Kisha idadi ya watu, na msizidi hata kimoja. Wageni wa ghafla wakijitokeza Jumapili, na kwetu hawakosi kujitokeza, pigeni hesabu ya pauni, watu wazima na makapu ya chakula pamoja, na mkizidi fanyeni safari mbili. Pontuni iliyojaa watu omo ina hatari yake maalumu: dereva akipunguza moto ghafla, pua za mitungi zinazama, wimbi linapanda sakafuni na kusukuma watu nyuma. Wasambazeni watu, na mpunguze mwendo taratibu.

Hapa naomba mnisikilize kama ndugu. Mtoto asikae kamwe nje ya reli ya omo boti ikitembea, miguu ikining'inia. Watu wengi hufanya hivyo kwa sababu inapendeza. Akiteleza, anapita katikati ya mitungi moja kwa moja hadi kwenye propela, na dereva hana muda wa kufanya lolote. Geti la omo lifungwe kabla mashine haijaingia gia. Watoto wakiogelea au wakiwa kwenye ngazi ya tezi, mashine izimwe kabisa, ufunguo utoke. Siyo propela peke yake. Moshi wa mashine una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na hukusanyika pale pale nyuma ambapo watoto hupenda kushikilia ngazi.

Minnesota inataka watoto walio chini ya miaka 10 wavae jaketi okozi boti ikiwa safarini, na kila mtu mwingine awe na lake linalomtosha, pamoja na boya moja la kurusha. Kwa familia yenu ningevuka sheria hiyo: asiyejua kuogelea avae, awe na miaka 4 au 70. Mnunulieni mama jaketi jepesi la kufunga mbele, lisilombana mabega, alijaribu nyumbani kwanza.

Jambo la kibali cha dereva mlifuatilie mapema. Sheria mpya ya Minnesota, ya kusoma kozi na kupata kibali, ilianza tarehe 1 Julai 2025 kwa waliozaliwa baada ya 30 Juni 2004, na inapanuka kila mwaka hadi 2028, itakapowafikia waliozaliwa baada ya 30 Juni 1987. Hata kama hamkuguswa, someni kozi hiyo nyote wawili. Baba akiugua ghafla katikati ya ziwa, wewe ndiwe utakayeirudisha boti gatini.

Karatasi. Namba ya boti ina herufi na tarakimu 12, na mbili za mwisho ni mwaka wa modeli: 08 kwa ile ya kwanza, 12 kwa ya pili. Kwenye pontuni itafuteni nyuma, kwenye mhimili wa mwisho upande wa kulia, karibu na unaposhikana na mtungi. Ilingane na hati ya umiliki herufi kwa herufi, na jina la kwenye hati liwe la mtu aliyesimama mbele yenu, na asiwe na deni la benki juu ya boti. Trela ina karatasi zake mbali. Na mkitoka ziwani siku yoyote, fungueni vizibo vya kutolea maji, mwageni maji yote na mng'oe majani kabla ya kuondoka pale. Minnesota ni wakali kwa ajili ya kome pundamilia (zebra mussels) wanaosambaa kutoka ziwa hadi ziwa, na faini ipo.

Ni lini ningebadili mawazo na kuwa upande wa baba Neema? Muuzaji wa pili akionyesha picha na risiti za sakafu nzima, nati mpya zikionekana chini, mitungi ikiwa mikavu, mashine ikipita kipimo cha fundi, na bei ikishuka kiasi cha trela kununulika ndani ya ile 18,000. Yote kwa pamoja. Likikosekana moja, aganeni naye kwa wema. Mpigie simu leo umwulize maswali mawili tu: nani aliweka sakafu, na boti ilikaa wapi wakati haitumiki. Utayajua mengi kwa namna atakavyojibu.

Na mkienda kuiona ile ya kwanza, pangeni iwe asubuhi, na mwombe mwenyewe asiiwashe kabla hamjafika. Gusa kifuniko cha mashine kwa kiganja. Ikiwa na joto, subirini ipoe ndipo iwashwe mbele yenu. Mashine ya stroki nne yenye afya itawaka ikiwa baridi bila kubembelezwa, na kijito cha maji kitatoka pembeni mara moja bila kukatika.